Kurudishwa Mpakani: Je, Ni Mapenzi ya Mungu?



Ndugu kijana mwenzangu, somo la leo linahusu maongozi ya Mungu, yaani jinsi Mungu anavyoyaongoza maisha yetu hata pale mambo yanapokwama. Ila sitaanza na Katekisimu. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu bila hilo kosa somo hili ningekuwa bado nalijua kwenye daftari tu.

Ilikuwa likizo, nami nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya falsafa. Niliporudi parokiani, Paroko akanikabidhi safari ya VIWAWA. Vijana walikuwa wamechanga kwa miezi minane ili waende Kenya: Jumamosi kupanda jahazi kutoka Shimoni, kuzunguka Kisite kuwatazama pomboo na kula samaki kisiwani Wasini, halafu jioni kuelekea Mombasa, na Jumapili kusali Misa katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Kwa watu wa mjini huenda ni safari ya kawaida. Kwetu sisi wa bara, ambao bahari tunaisikia kwenye taarifa ya habari, ilikuwa jambo kubwa. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga chombo cha majini.

Kati yao alikuwepo mpiga kinanda wetu. Jina lake nitalihifadhi. Ni fundi simu, ana meza yake pale stendi, na mchango wake aliulipa kidogo kidogo: leo elfu mbili, kesho elfu moja mia tano. Siku wenzake walipokwenda kushughulikia hati za dharura za safari, yeye alikuwa na kazi za watu mezani, akashindwa kwenda. Jioni akaja kuniuliza: "Frateri, mimi ninacho kitambulisho cha NIDA. Si kinatosha? Nasikia Wakenya na Waganda wanavuka na vitambulisho tu."

Hapo ndipo nilipokosea. Sikupiga simu popote. Sikumwuliza mtu yeyote anayejua. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa: "Kinatosha, mdogo wangu. Sisi sote si ni Afrika Mashariki?"

Alichosikia kilikuwa cha kweli, ila nusu. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke mipaka ya nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuwa ndani ya makubaliano hayo. Mtanzania anayekwenda Kenya anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Jambo hilo ningelijua kwa dakika tano tu za kuuliza.

Asubuhi ile

Tuliondoka saa kumi usiku tukiwa vijana ishirini na watatu, mama mlezi, mwenyekiti wa vijana na mimi. Ndani ya Coaster ilikuwa rozari, kisha nyimbo, kisha usingizi. Tulifika mpakani kabla ya saa mbili asubuhi. Foleni ikaenda vizuri, mmoja baada ya mwingine, hadi ikafika zamu ya mpiga kinanda.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole. Akakipokea kitambulisho, akakigeuza, akamtazama kijana usoni, kisha akamwambia: "Mwanangu, hiki kinaonyesha wewe ni nani. Hakikupi ruhusa ya kuvuka. Hati ya safari iko wapi?"

Akageuka kunitazama. Sote tukageuka kutazamana. Niliomba, nikaeleza kwamba sisi ni kundi la kanisa na tunarudi keshokutwa. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akarudia lile lile, bila ukali. Kwa kweli hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya kwa heshima.

Tulipotoka nje, akatusogelea kijana mmoja wa bodaboda. Alikuwa ameshatusoma. "Frateri, huyo nampitisha mimi. Kuna njia huko mashambani, elfu kumi tu, mnamkuta ng'ambo." Nitakwambia ukweli: nilitazama saa. Jahazi lilikuwa limelipiwa. Kwa muda wa kama dakika moja nilikuwa napiga hesabu. Aliyenitoa kwenye hesabu hiyo ni mpiga kinanda mwenyewe: "Hapana. Nikikamatwa huko, mama yangu ataambiwa nini?"

Basi nikaweka mkono begani kwake, nikavaa sauti yangu ya kifrateri, nikamwambia: "Usijali, mdogo wangu. Ni mapenzi ya Mungu. Mungu ana mpango wake."

Akanitazama. Hakupandisha sauti. Akaniuliza: "Frateri, kwani Mungu ndiye aliyeniambia kitambulisho kinatosha?"

Sikuwa na jibu. Nikampa elfu ishirini ya nauli, tukaagana, akaenda kutafuta gari la kurudi Tanga. Sisi tukavuka.

Jahazi halikuzama

Bahari ilikuwa nzuri siku ile. Pomboo walitokea, vijana wakapiga kelele, simu zote zikainuliwa juu. Mimi nilikaa nyuma karibu na nahodha, na yule samaki wa Wasini sikumwonja. Jioni tulivuka kivuko cha Likoni, tukalala Mombasa, Jumapili tukasali, Jumatatu tukarudi nyumbani salama, wote ishirini na wawili.

Nasisitiza "salama" kwa sababu maalumu. Baada ya safari watu kadhaa waliniambia: "Labda Mungu alimkinga na ajali." Wengine wakaniuliza kama alipofika nyumbani alikuta jambo fulani, mgonjwa wa kumwokoa au kazi mpya inamsubiri. Tunazipenda sana shuhuda za namna hiyo: nilikosa basi, na kumbe basi lilipinduka. Nami siwezi kukanusha kwamba Mungu huwaokoa watu hivyo.

Lakini hapa, ndugu yangu, jahazi halikuzama. Coaster haikupinduka. Mpiga kinanda alifika kwao usiku, akala ugali uliopoa, akalala. Jumatatu akafungua meza yake stendi. Hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kama imani yangu katika maongozi ya Mungu inategemea kupata maelezo mazuri mwishoni mwa kila hadithi, basi asubuhi ile ilikuwa imebaki bila kitu cha kushika. Ilinibidi nijifunze upya. Haya ndiyo niliyojifunza.

Funzo la kwanza: Usimsingizie Mungu kosa lako

Miezi michache kabla ya safari ile nilikuwa nimefanya mtihani, na swali la maongozi ya Mungu nililijibu vizuri. Niliandika kile anachofundisha Mtakatifu Thoma wa Akwino: Mungu ndiye Sababu ya kwanza ya vitu vyote, lakini katika kuutawala ulimwengu anapenda kutumia viumbe vyake kama sababu za pili. Hafanyi hivyo kwa sababu hana nguvu. Anafanya hivyo kwa wema, ili avipe viumbe heshima ya kuwa sababu za kweli. Jua linapasha joto kweli. Mkulima analima kweli. Na frateri anayeulizwa swali la hati za safari anajibu kweli, na jibu lake lina matokeo ya kweli.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalieleza jambo hili kuanzia namba 306, na ikifika namba 311 inasema wazi kwamba Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Anauruhusu kwa kuheshimu uhuru wa viumbe wake, na anajua namna ya kutoa wema hata humo. Kuruhusu na kutenda ni vitu viwili. Mungu aliruhusu niwe mzembe. Hakunituma niwe mzembe.

Sasa angalia nilichofanya pale mpakani. Niliposema "ni mapenzi ya Mungu", sikuwa namfariji kijana. Nilikuwa najificha nyuma ya Mungu. Maneno yalikuwa ya dini, ila kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeniuliza mimi. Nimekuja kuamini kwamba hiyo nayo ni namna ya kulitaja bure jina la Bwana, jambo tunalokatazwa katika amri ya pili. Huwa tunadhani amri ile inahusu tu wanaoapa ovyo sokoni. Inamhusu pia anayebandika jina la Mungu juu ya uzembe wake.

Jiulize wewe. Umefeli mtihani ambao hukuusomea, ukasema Mungu hakupanga. Umechelewa usaili wa kazi kwa sababu ulilala saa nane ukiangalia simu, ukasema mlango wa Mungu haujafunguka. Umemvunja mtu moyo kwa uongo wako, ukamwandikia ujumbe kwamba umesali na umeona huu sio mpango wa Mungu. Hapana, jamani. Sema: nilikosea. Ukishasema hivyo, ndipo kuna kitu cha kupeleka kwenye kitubio, maana "mpango wa Mungu" hauungamwi.

Funzo la pili: Kuna "hapana" ambayo ni ya Mungu, nayo ina dalili zake

Sitaki uondoke hapa ukidhani kila mlango unaofungwa ni uzembe wa mtu. Biblia inayo habari ya safari zilizozuiwa na Mungu mwenyewe.

Fungua Matendo ya Mitume 16:6-10. Paulo, Sila na Timotheo wanapita nchi ya Frigia na Galatia. Wanataka kuhubiri mkoani Asia, Roho Mtakatifu anawakataza. Wanafika karibu na Misia, wanajaribu kuingia Bithinia, Roho wa Yesu hawaruhusu. Mara mbili! Nao walikuwa wanakwenda kuhubiri Injili, si kutazama pomboo. Mwisho wanateremka hadi Troa, bandarini, na hapo usiku Paulo anamwona katika maono mtu wa Makedonia akiwaomba wavuke kwenda kuwasaidia. Wanapanda meli.

Zingatia mambo matatu katika habari hii. Kwanza, Paulo hakupewa sababu siku alipozuiwa. Alizuiwa tu, akaendelea kutembea kuelekea kulikobaki wazi. Pili, mlango uliofunguka haukuwa wa raha: huko Filipi walichapwa viboko na kutiwa gerezani. Kwa hiyo wepesi wa njia si kipimo cha mapenzi ya Mungu. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, mwamini wa kwanza kutajwa huko Filipi ni Lidia, muuza nguo za zambarau, na kwao ni Thiatira, mji uliokuwa katika mkoa ule ule wa Asia ambako Paulo alikatazwa kuhubiri. Ukiendelea hadi sura ya 19 utamkuta Paulo yuko Efeso, kwenye mkoa huo huo wa Asia, akifundisha kwa miaka miwili. Ile "hapana" ilikuwa "bado".

Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye aliijua "hapana" ya namna hii. Mwaka 1523 alifika Yerusalemu akiwa na nia ya kubaki huko maisha yake yote. Mkuu wa Wafransisko, aliyekuwa na mamlaka kutoka Roma juu ya mahujaji, akamkatalia. Inyasi alikuwa na hamu kubwa, lakini alipoelewa kwamba mamlaka ile ni halali, alitii, akapanda meli kurudi. Akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini akaenda kukaa darasani kujifunza Kilatini pamoja na watoto. Miaka kadhaa baadaye, yeye na wenzake waliokutana Paris waliweka nadhiri ya kwenda Yerusalemu, kwa sharti kwamba wakikosa njia watajiweka mikononi mwa Baba Mtakatifu. Mwaka 1537 walikaa Venezia wakisubiri meli. Kwa sababu ya vita kati ya Venezia na Waturuki, safari haikuwezekana. Wakaenda Roma. Mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu aliidhinisha Shirika la Yesu, Wajesuiti.

Basi utatofautishaje? Mimi natumia maswali matatu. Je, nilifanya sehemu yangu yote kwa uaminifu? Je, aliyenizuia ana mamlaka halali, au ni jambo ambalo kweli haliko mikononi mwangu? Je, nikitulia na kusali, ile "hapana" inanisukuma kuelekea kupenda zaidi, au inaniacha na uchungu na visingizio tu? Inyasi alifanya sehemu yake, akazuiwa na mamlaka halali na baadaye na vita, na kila kizuizi kilimsogeza kwa watu zaidi. Kesi yangu ilianguka kwenye swali la kwanza kabisa.

Funzo la tatu: Kuna milango inayobaki imefungwa

Huyu mtakatifu mwingine pwani yetu inamjua. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmoja wa wale wenzake Inyasi, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa. Alihubiri India, akafika visiwa vya Maluku, akafika Japani. Mwisho akatamani China, nchi iliyokuwa imefungwa kwa wageni. Alifika kisiwa cha Shangchuan, karibu kabisa na pwani ya China, akasubiri mtu aliyeahidi kumvusha kwa mashua. Mashua haikuja. Akaugua homa, akafa hapo tarehe 3 Desemba 1552, China ikiwa mbele yake.

Hakuna Makedonia katika hadithi hiyo. Hakuna "kumbe". Alikufa akiwa nje ya mpaka. Hata hivyo Kanisa linamheshimu kama msimamizi wa misioni, kwa sababu Mungu hahesabu mipaka tuliyovuka. Anahesabu upendo tuliokuwa nao tukiwa tunasubiri. Kumbuka pia Musa, aliyeiona nchi ya ahadi kutoka mlima Nebo asiingie (Kumbukumbu la Torati 34).

Kwa hiyo ukisoma Warumi 8:28, isome polepole. Mtume hasemi kwamba kila kinachotokea ni chema. Anasema kwamba katika yote Mungu hufanya kazi kwa faida ya wale wampendao. Kurudishwa mpakani hakukuwa kwema. Kijana alipoteza fedha zake na siku aliyoisubiri miezi minane. Mungu anaweza kufanya kazi hata hapo, ila sina haki ya kumwambia aliyeumia kwamba hajaumia.

Funzo la nne: Usishushe moto juu ya afisa

Tulipokuwa njiani kwenda Shimoni baadhi ya vijana walianza kumsema yule mama: ana roho mbaya, angeweza kutusaidia kama angetaka. Nikawakumbusha Luka 9:51-56. Kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohane wakataka kushusha moto kutoka mbinguni. Yesu akawakemea wao, sio wale Wasamaria, kisha wakaenda kijiji kingine. Siku hizi moto wetu tunaushusha kwenye simu: unampiga mtu picha, unamtupa mtandaoni, watu elfu wanamtukana.

Kanisa linafundisha pande zote mbili (Katekisimu, namba 2241). Nchi, hasa zenye uwezo, zina wajibu wa kumpokea mgeni anayetafuta usalama na riziki. Na mgeni naye ana wajibu wa kuheshimu sheria za nchi anayoingia. Njia za panya na "kitu kidogo" dirishani vinaibomoa sheria inayomlinda hata msichana anayesafirishwa kwa hila akauzwe kazi za utumwa. Pale Shimoni kuna mapango ambamo watu walifungiwa enzi za biashara ya utumwa wakisubiri kuvushwa baharini. Nilipoyatazama mchana ule nilifikiri juu ya maana ya mtu kuvushwa bila jina na bila hati.

Tena tusisahau: sisi tulinyimwa matembezi. Wapo wanaofika mpakani wakiwa wanakimbia risasi. Huko Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu, wapo ndugu zetu wa Congo na Burundi waliovuka wakiwa na watoto mgongoni. Familia Takatifu nayo ilikimbilia Misri usiku. Ukirudishwa kwenye matembezi yako, machungu yako yageuze yawe sala kwa ajili ya hao.

Funzo la tano: Nilipaswa kushuka kwenye gari

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonichoma, na bado linanichoma.

Kosa la kwanza lilikuwa jibu la haraka. Kosa la pili lilikuwa kumsingizia Mungu. Lakini lipo la tatu, ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa nimekaa nyuma ya jahazi. Nilimwacha arudi peke yake. Nilijiambia kwamba nina vijana ishirini na wawili wa kuwaangalia. Uongo! Mama mlezi alikuwepo. Mwenyekiti alikuwepo, na safari nzima waliiongoza wao. Ukweli ni kwamba nami nilitaka kuwaona pomboo.

Luka 15 tunaijua kwa moyo: mchungaji anawaacha tisini na tisa, anamfuata mmoja. Nimeisikia tangu Komunyo ya Kwanza. Natarajia, Mungu akipenda, siku moja niihubiri nikiwa padre. Na siku nilipopewa kondoo ishirini na watatu, nilimwacha mmoja kando ya barabara na elfu ishirini mkononi, nikaenda na wengi kwa sababu kwa wengi ndiko kulikokuwa na sherehe. Kama ningeshuka, nisingemvusha mpaka. Lakini tungekaa siti moja mpaka Tanga, tungekula mihogo ya stendi pamoja, na angejua kwamba jambo hili ni letu, sio lake peke yake.

Jumatatu ile ile jioni nilikwenda mezani kwake. Nikamwambia: "Hayakuwa mapenzi ya Mungu. Ni mimi. Nilikujibu bila kuuliza, halafu nikakuacha. Nisamehe." Alikuwa anafungua simu ya mtu, hakuinua kichwa mara moja. Akasema, "Nimesikia, Frateri." Basi. Fedha zake nilimrudishia kwa mafungu matatu kutoka kwenye kile nilichokuwa nacho, maana kuomba msamaha bila kurudisha ni nusu ya toba. Nilikwenda kuungama. Tulikwenda pamoja kushughulikia pasipoti yake, na safari hii kila kitu niliuliza mara mbili. Jumapili mbili hakupiga kinanda. Ya tatu akarudi kukaa kwenye kiti chake, bila maneno. Mpaka leo hajawaona pomboo.

Sijui kama huo ni mwisho mzuri. Ila nadhani pale mezani, kati ya simu zilizofunguliwa, ndipo Mungu alipokuwa akifanya kazi yake ya Warumi 8:28. Hakuifanya kwa kulizamisha jahazi.

Ya kufanya

1. *Kabla ya safari*, uliza wanaohusika, sio marafiki. Hati ya safari ikaguliwe tarehe zake. Kama unahitaji cheti cha homa ya manjano, kumbuka kinaanza kutambulika siku ya kumi baada ya chanjo, hivyo usiende kuchoma jana ya safari. Ukishakipata, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uliopo tangu 2016, kinafaa maisha yote.
2. *Ukiulizwa usichokijua*, sema "sijui, ngoja niulize." Hiyo nayo ni fadhila. Inaitwa unyenyekevu.
3. *Ukizuiwa*, usikimbilie kueleza kwa nini Mungu amefanya hivyo. Nyamaza kwanza. Jiulize yale maswali matatu.
4. *Mwenzako akizuiwa*, kaa naye kabla ya kumhubiria.

Maswali ya kujadili katika jumuiya au kikundi chenu

- Ni lini nimetumia maneno "mapenzi ya Mungu" kufunika uzembe wangu au wa kiongozi wangu?
- Ni mlango gani umefungwa maishani mwangu, na bado sijaelewa kwa nini? Naweza kukaa mbele ya Mungu bila kulazimisha jibu?
- Katika kundi letu, ni nani tumemwacha njiani ili sisi tufike?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliyekataliwa nyumba ya wageni kabla hujazaliwa, na kijiji ulipokuwa safarini, utufundishe kupokea "hapana" bila chuki. Utuondolee hila ya kukusingizia makosa yetu. Uwakumbuke wote walio mipakani usiku huu, wanaokimbia na wanaorudishwa. Na sisi unaotuita kuchunga kundi lako, utupe moyo wa kushuka garini. Amina.

Kama unaye mtu uliyemwacha njiani, usisubiri Kwaresima. Mpigie leo.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri